Kupima mishipa kwa CT-Scan: Mionzi kidogo, dawa kidogo, jibu lile lile

Na Mwandishi Wetu, Same

MGONJWA anayeshuka kutoka Mbaga, Chome au Suji kwenda kupimwa mishipa ya damu hospitalini Moshi huanza safari kabla jua halijachomoza. Njiani hujizuia kula na kunywa, ama kwa sababu aliambiwa afike na tumbo tupu, ama kwa kuogopa kuhangaika kutafuta choo wakati basi liko barabarani.

Anapofika Moshi, zaidi ya kilomita 100 kutoka mji wa Same, mwili umepungukiwa maji na moyo unakwenda mbio kwa uchovu na wasiwasi. Pengine mkononi ana karatasi ya rufaa tu, na picha alizopigwa mwezi uliopita zimebaki nyumbani.

Mambo hayo matatu, yaani upungufu wa maji mwilini, kasi ya mapigo ya moyo na picha zilizosahauliwa, huonekana madogo. Hata hivyo, katika kipimo cha CT-Scan ya mishipa ya damu, yanachangia kuamua mgonjwa atapigwa mionzi kiasi gani, atachomwa dawa kiasi gani na figo zake zitaipokea vipi dawa hiyo.

Katika miaka 20 iliyopita imethibitika kwamba dozi zote mbili, ya mionzi na ya dawa, zinaweza kupunguzwa kwa kiasi kikubwa bila kuharibu jibu analolitafuta daktari. Mashine mpya zimesaidia, lakini sehemu kubwa ya kazi hiyo iko mikononi mwa anayeiendesha mashine, daktari anayeandika rufaa na mgonjwa mwenyewe.

Makala hii inaeleza jinsi dozi hizo zinavyopunguzwa, na nini mgonjwa wa milima ya Upare anaweza kukifanya kabla hajapanda basi.

Kwa nini mishipa ipimwe

Ateri ni mishipa inayochukua damu kutoka moyoni na kuisambaza mwilini. Ikiziba ndani ya moyo, mtu hupata shambulio la moyo. Ikiziba au kupasuka ndani ya ubongo, hupata kiharusi. Ikiziba miguuni, hasa kwa mwenye kisukari, huweza kuleta kidonda kisichopona na hatimaye mguu kukatwa.

Maradhi haya si ya wakazi wa mijini pekee. Utafiti uliofanyika kati ya mwaka 2003 na 2006 katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na katika jiji la Dar es Salaam, ulihesabu watu waliopata kiharusi kwa mara ya kwanza. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2010, yalionyesha takriban watu 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka wilayani Hai, na takriban 316 Dar es Salaam, baada ya tofauti za umri kusawazishwa.

Idadi ya Hai ilikuwa theluthi moja ya ile ya jijini, lakini ilitosha kuonyesha kwamba hata mkulima wa mlimani ana shinikizo la damu, ana kisukari na anaweza kuanguka kwa kiharusi.

CT-Scan ni mashine inayozungusha mionzi ya eksirei kumzunguka mgonjwa, kisha kompyuta ikaunganisha vipimo hivyo na kutoa picha za mwili kana kwamba umekatwa vipande vyembamba. Misingi ya hesabu zake iliwekwa na Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg aliyeanza kulifikiria suala hilo mjini Cape Town mwaka 1956. Mashine yenyewe ilibuniwa na Mwingereza Godfrey Hounsfield, na mgonjwa wa kwanza alipimwa London Oktoba 1, 1971. Wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1979.

Mwaka huo huo wa 1971, mwezi Machi, ndipo Hospitali ya KCMC ilipofunguliwa mjini Moshi. Hadi leo ndiyo hospitali ya rufaa ya kanda inayopokea wagonjwa wa Same na Mwanga wanaohitaji uchunguzi wa juu zaidi.

Kwa miaka mingi CT-Scan nchini ilikuwa kifaa cha hospitali chache kubwa. Hali ilibadilika baada ya Serikali kupata mkopo wa Sh1.3 trilioni kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) mwaka 2021, ambao sehemu yake ilinunua mashine hizo kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Kadiri mashine zinavyosogea karibu na wananchi, ndivyo suala la dozi linavyowahusu watu wengi zaidi.

Mionzi ni kiasi gani

Mionzi inayoingia mwilini hupimwa kwa kipimo kiitwacho milisiverti. Kila binadamu hupata mionzi ya asili kutoka ardhini, angani, katika hewa na katika chakula. Wastani wa dunia ni milisiverti 2.4 kwa mwaka.

Picha ya kawaida ya kifua humpa mgonjwa takriban sehemu moja ya kumi ya milisiverti au pungufu ya hapo. CT-Scan ya mishipa ya moyo ilikuwa jambo jingine kabisa. Uchunguzi uliofanyika mwaka 2007 katika hospitali 50 za nchi mbalimbali, ukihusisha wagonjwa 1,965, ulionyesha kwamba mgonjwa wa kati alipata milisiverti 12. Kiasi hicho ni zaidi ya picha 100 za kifua, au miaka mitano ya mionzi ya asili, kwa kipimo kinachochukua sekunde chache.

Jambo lililowashtua wataalamu zaidi ni kwamba hospitali moja ilitumia dozi mara kadhaa ya hospitali nyingine kwa kazi ile ile.

Uchunguzi kama huo ulirudiwa mwaka 2017 katika hospitali 61 za nchi 32. Safari hii dozi ilikuwa imeshuka kwa asilimia 78, na kwa hesabu ile ile mgonjwa wa kati alipata karibu milisiverti 3. Idadi ya picha zisizosomeka haikuongezeka. Hata hivyo, tofauti kubwa kati ya hospitali na hospitali ilikuwa bado ipo.

Tanzania nayo imewahi kujipima. Mwaka 2006 watafiti Justin Ngaile na Peter Msaki walichapisha makadirio ya dozi zinazofika kwenye viungo vya wagonjwa wa CT-Scan katika hospitali za hapa nchini. Nao walikuta tofauti kubwa kati ya hospitali, iliyotokana kwa sehemu kubwa na namna mashine zilivyopangwa kabla ya kupiga picha.

Je, hatari yake ni ipi? Kwa makadirio yanayotumika kimataifa, milisiverti 10 huongeza uwezekano wa kupata saratani inayoua kwa takriban mtu mmoja kati ya 2,000 katika maisha yote. Kwa mzee wa miaka 70 mwenye maumivu ya kifua, hatari hiyo ni ndogo kuliko hatari ya kuacha mshipa ulioziba bila kujulikana. Kwa binti wa miaka 25 uzito wake ni mkubwa zaidi, kwa sababu ana miaka mingi mbele yake na matiti ni miongoni mwa viungo vinavyodhurika kwa urahisi na mionzi.

Kwa hiyo, suala si kuikimbia mionzi, bali ni kutotumia zaidi ya inayohitajika.

Dawa yenye madini joto

Katika CT-Scan ya kawaida damu na nyama hufanana rangi, hivyo mshipa hauonekani vizuri. Ili uonekane, mgonjwa huchomwa dawa ya kung'arisha mishipa, ambayo hospitalini huitwa kontrasti. Kiini cha dawa hiyo ni iodini, yaani madini joto yale yale yanayotiwa katika chumvi ya mezani.

Tofauti ni kiasi. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za madini joto kwa siku. Mililita 100 za kontrasti yenye nguvu ya kawaida zina takriban gramu 35. Sehemu kubwa ya madini hayo hubaki yamefungwa ndani ya dawa na kutoka kwa mkojo, na kiasi kidogo tu huachiliwa mwilini.

Kinachoitoa dawa hiyo mwilini ni figo. Kwa mtu mwenye figo nzima, kazi hiyo kwa kawaida humalizika ndani ya siku moja. Kwa mtu ambaye figo zake zimedhoofishwa na kisukari au shinikizo la damu, dawa hukaa muda mrefu zaidi, na hofu ya siku nyingi imekuwa kwamba inaweza kuzidhoofisha zaidi.

Zamani hofu hiyo ilikuwa kubwa kuliko ilivyostahili. Mwaka 2020 Chuo cha Radiolojia cha Marekani (ACR) na Mfuko wa Taifa wa Figo wa nchi hiyo (NKF) walitoa tamko la pamoja lililosema kwamba hatari ilikuwa imekuzwa, na kwamba wanaostahili uangalizi maalumu ni wale ambao uchujaji wa figo zao umeshuka chini ya 30, pale ambapo kawaida ya mtu mzima mwenye afya ni 90 na kuendelea, pamoja na wale ambao figo zao zimeshindwa ghafla.

Kundi hilo ni dogo, lakini kwa mkazi wa Same ni kundi lenye uzito wa pekee. Mtu akishindwa figo kabisa huhitaji kusafishwa damu, kwa kawaida mara mbili au tatu kwa wiki, maisha yake yote au hadi apandikizwe figo. Kwa anayeishi Mamba Miamba au Vudee, hiyo ni sawa na kuhama nyumbani.

Swichi moja, faida mbili

Msomaji anaweza kudhani kwamba mionzi na dawa ni mambo mawili yanayopunguzwa kwa njia mbili tofauti. Uzuri wa jambo lenyewe ni kwamba ipo njia moja inayopunguza yote mawili kwa pamoja.

Mionzi ya eksirei huzalishwa kwa umeme wa nguvu kubwa, unaopimwa kwa kilovolti. Kwa miaka mingi CT-Scan za watu wazima zilipigwa kwa kilovolti 120, awe mgonjwa mnene au mwembamba. Umeme ukishushwa hadi kilovolti 100, au 80 kwa mtu mwembamba, mionzi hupungua kwa haraka kuliko umeme wenyewe. Kushuka kutoka 120 hadi 100 peke yake kunaweza kuondoa karibu theluthi moja ya dozi.

Wakati huo huo, madini joto yana tabia ya kunasa vizuri zaidi mionzi yenye nguvu ndogo. Kwa hiyo umeme unaposhuka, mshipa wenye dawa hung'aa zaidi. Kwa kilovolti 80 hung'aa kiasi kwamba dawa inaweza kupunguzwa kwa hadi asilimia 40 hivi na mshipa bado ukaonekana sawasawa.

Tuchukue mfano wa mzee mwembamba wa kilo 50. Kwa mpango wa zamani angepigwa kilovolti 120 na kuchomwa mililita 100 za dawa, yaani gramu 35 za madini joto. Kwa kilovolti 80 anaweza kuchomwa mililita 60, yaani gramu 21, na mionzi ikawa chini ya nusu. Swichi iliyoguswa ni moja tu.

Njia hii ina gharama yake. Mionzi dhaifu hutoa picha yenye chenga, mfano wa televisheni isiyoshika mawimbi vizuri. Kwa mgonjwa mnene chenga huwa nyingi mno, na daktari huweza kushindwa kusoma. Ndiyo maana haifai kuweka kiwango kimoja kwa wagonjwa wote. Mpimaji anapaswa kuangalia umbo la aliyelala mbele yake.

Chenga hizo sasa hupunguzwa na kompyuta. Kuanzia mwaka 2009 hivi, watengenezaji wa mashine walianza kuingiza programu zinazoisafisha picha kwa kuirudia hesabu mara nyingi. Kuanzia mwaka 2019 zikaja programu zinazotumia akili unde. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha mashine ya kwanza inayohesabu chembe moja moja ya mionzi, ambayo nayo huhitaji mionzi na dawa kidogo zaidi.

Mashine isiyo na teknolojia hizo mpya bado inaweza kushushwa kilovolti kwa mgonjwa mwembamba. Hatua hiyo haihitaji fedha, inahitaji ujuzi na uamuzi.

Moyo uliotulia huokoa mionzi

Mishipa ya moyo ina ugumu wake, kwa sababu haitulii. Moyo unadunda, na picha ya kitu kinachocheza huwa na ukungu.

Zamani mashine iliachwa ipige mionzi mfululizo katika mapigo kadhaa ya moyo, kisha daktari akachagua picha zilizotulia na kuziacha nyingine. Mgonjwa alikuwa amekwisha kupokea mionzi ya picha zote, za kutumika na za kutupwa.

Njia ya sasa ni mashine kufuata umeme wa moyo na kupiga mionzi katika kile kipindi kifupi tu ambapo moyo umepumzika kati ya pigo na pigo. Njia hiyo hupunguza dozi kwa zaidi ya nusu. Lakini ina sharti lake: moyo uende taratibu na kwa mpangilio, ikiwezekana chini ya mapigo 60 hadi 65 kwa dakika. Ukienda mbio, mpimaji hulazimika kurudi kwenye njia ya zamani yenye mionzi mingi.

Hapa ndipo safari ya kutoka mlimani inapoingia katika hesabu. Mgonjwa aliyefika akihema, au aliyekunywa kahawa nzito asubuhi, anakuja na moyo wa kasi. Wagonjwa wa kipimo hiki hushauriwa kuacha kahawa na chai ya rangi kwa saa 12 kabla, kufika mapema na kupumzika.

Hospitali nayo huweza kumpa dawa ya kupunguza mapigo, kama vile metoprolol, na nyingine ya kutanua mishipa iitwayo nitrogliserini. Mwenye pumu aseme kabla hajapewa ile ya kwanza. Aliyetumia dawa za kuongeza nguvu za kiume katika siku mbili zilizopita aseme bila haya, kwa sababu dawa hizo zikikutana na nitrogliserini shinikizo la damu huweza kushuka kwa kiwango cha hatari.

Hatua nyingine za mpimaji

Zipo hatua nyingine ambazo hazionekani na mgonjwa, lakini zina uzito.

Ya kwanza ni urefu wa eneo linalopigwa. Dozi hupanda kadiri eneo linavyorefuka. Kama swali ni mishipa ya moyo, hakuna sababu ya kuanzia shingoni na kuishia tumboni.

Ya pili ni kuiacha mashine ipandishe na kushusha mionzi yenyewe kulingana na unene wa kila sehemu ya mwili. Mabega huhitaji mingi, kifua chenye hewa huhitaji kidogo. Ili ifanye kazi hiyo vizuri, mgonjwa lazima alazwe katikati kabisa ya duara la mashine.

Ya tatu inahusu dawa. Kontrasti ikishasukumwa, sehemu yake hubaki katika mshipa wa mkono bila kufanya kazi yoyote. Kwa kusukuma maji ya chumvi nyuma yake, dawa hiyo husogezwa hadi inakotakiwa, na kiasi cha awali kikapungua. Vilevile dawa ipimwe kwa uzito wa mgonjwa, na picha zianze pale dawa inapoonekana imefika kwenye mshipa unaotafutwa.

Dunia ilikumbushwa umuhimu wa hatua hizi mwaka 2022. Kiwanda kikubwa cha kontrasti kilichopo Shanghai, China, kilifungwa kwa sababu ya masharti ya kudhibiti Uviko-19, na hospitali katika nchi nyingi zikapungukiwa dawa. Nyingi zililazimika kushusha kilovolti, kupima dawa kwa uzito na kuahirisha vipimo visivyo vya lazima.

Kisukari, figo na tezi ya shingo

Mgonjwa mwenye kisukari, shinikizo la damu la muda mrefu au umri mkubwa anapaswa kupimwa kreatinini kabla ya kuchomwa kontrasti. Ni kipimo cha damu kidogo, na kutokana nacho uchujaji wa figo huhesabiwa. Kinaweza kufanyika katika hospitali ya wilaya kabla ya safari, badala ya mgonjwa kufika Moshi au Dar es Salaam akaambiwa asubiri.

Kuhusu kufunga kula, miongozo ya Ulaya ya mwaka 2018 ilisema hakuna haja ya mgonjwa kukaa na njaa kwa sababu tu atachomwa kontrasti. Muhimu zaidi ni kunywa maji. Mgonjwa aiulize hospitali inayompima utaratibu wake, lakini asijinyime maji kwa kubahatisha. Wenye figo dhaifu sana huweza kuwekewa dripu ya maji ya chumvi kabla na baada.

Metformin, dawa inayotumiwa na wagonjwa wengi wa kisukari, haiharibu figo. Tatizo ni kwamba figo zikishindwa, dawa hiyo hulundikana na kufanya damu iwe na asidi nyingi. Ndiyo maana wenye uchujaji ulio chini ya 30 huambiwa waisimamishe, kisha figo hupimwa tena baada ya saa 48. Wengine kwa kawaida huendelea nayo. Uamuzi huo ni wa daktari, si wa jirani.

Lipo pia suala la tezi ya shingo, ambalo husahaulika kwa urahisi. Katika nchi za milima mvua huosha madini joto kutoka ardhini, na nyanda za juu za Tanzania zilikuwa na wagonjwa wengi wa rovu kabla Serikali haijasimamia utiaji wa madini joto katika chumvi, katika miaka ya 1990. Baadhi ya wazee waliokua kabla ya wakati huo bado wana uvimbe shingoni.

Tezi ya namna hiyo ikipata madini joto mengi kwa ghafla huweza kuanza kufanya kazi kupita kiasi. Wiki kadhaa baada ya kipimo, mtu huona moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka na mwili unapungua. Mwenye uvimbe wa shingo amwambie daktari kabla ya kuchomwa, na akiona dalili hizo baadaye arudi hospitali na kueleza kwamba alichomwa kontrasti.

Aliyewahi kuvimba, kuwashwa au kubanwa pumzi baada ya dawa hii aseme pia. Ile imani kwamba asiyepatana na samaki au kamba hawezi kuchomwa kontrasti haina msingi. Mjamzito, au anayehisi huenda ni mjamzito, naye aseme mapema.

Dozi ndogo kuliko zote

Dozi ndogo kuliko zote ni ile isiyopigwa. Kabla ya CT-Scan, daktari anapaswa kujiuliza kama kipimo kisicho na mionzi kinaweza kutoa jibu. Mishipa ya miguu na ya shingo mara nyingi huweza kuangaliwa kwanza kwa ultrasaundi ya kupima mwendo wa damu, isiyo na mionzi wala sindano ya kontrasti.

Njia nyingine ya kuepuka dozi ni kutunza picha. Mgonjwa wa Same anaweza kuanzia hospitali ya wilaya, akapelekwa hospitali ya mkoa ya Mawenzi au KCMC, na kama tatizo ni la moyo, akasafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete (JKCI), iliyoanzishwa mwaka 2015 katika eneo la Muhimbili, Dar es Salaam. Picha zikipotea katika kituo chochote, kipimo hurudiwa. Mgonjwa hupata mionzi mara mbili, dawa mara mbili na hulipa mara mbili.

Filamu chache za kubandika kwenye taa hazitoshi, kwa kuwa CT-Scan ya mishipa ina mamia ya picha. Mgonjwa aombe nakala kamili kwenye CD au kwa njia nyingine ya kompyuta, pamoja na ripoti iliyoandikwa, aviweke mahali pakavu na kwenda navyo kila rufaa.

Nani anasimamia

Matumizi ya mionzi nchini husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC), iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 2003 kuchukua nafasi ya Tume ya Taifa ya Mionzi, ambayo nayo ilitokana na sheria ya mwaka 1983. Tume hiyo, yenye maabara zake Njiro, Arusha, hutoa leseni, hukagua mashine na hupima mionzi inayowafikia wafanyakazi.

Ifahamike kwamba kwa mfanyakazi wa mionzi upo ukomo wa dozi kisheria. Kwa mgonjwa hakuna ukomo wa namna hiyo, kwa sababu mgonjwa anayehitaji kipimo ili apone hawezi kunyimwa. Badala yake kuna kanuni mbili: kipimo kiwe na sababu, na dozi iwe ndogo kadiri inavyowezekana huku jibu likipatikana.

Kinachotumika kuwapima wapimaji ni viwango rejea. Hospitali hukusanya dozi zake, huzilinganisha na za wengine, na ikijikuta juu sana hujiuliza sababu. Kila mashine ya CT-Scan huonyesha kwenye kioo chake dozi iliyotumika. Namba hiyo ikiandikwa kwenye ripoti, hospitali inaweza kujirekebisha. Isipoandikwa, hakuna atakayejua.

Maswali ya kuuliza

Mgonjwa au ndugu anayemsindikiza ana haki ya kuuliza, kwa heshima, maswali haya.

Je, kipimo hiki kitabadilisha matibabu yangu, na hakuna kingine kisicho na mionzi? Je, figo zangu zimepimwa? Je, ninywe maji na nile nini kabla ya kuja? Je, dawa ninazotumia niendelee nazo? Je, mashine itapangwa kulingana na uzito wangu? Je, dozi itaandikwa kwenye ripoti, na nitapewa nakala kamili ya picha?

Maswali hayo yasitumike kuchelewesha dharura. Mtu aliyepooza upande mmoja ghafla, au mwenye maumivu makali ya kifua yanayochoma hadi mgongoni, apelekwe hospitali mara moja na kupimwa. Kwake hatari kubwa ni muda, na mionzi ni hatari ndogo.

Vilevile, dozi ikishushwa kupita kiasi picha haisomeki na kipimo hurudiwa, jambo ambalo ni hasara tupu.

Kwa wagonjwa wengine wote, yaani wanaopangiwa siku na kusafiri kwenda kupimwa, maandalizi yanaanzia nyumbani: maji ya kunywa, majibu ya figo, orodha ya dawa, CD ya picha za zamani na usiku wa mapumziko. Mzee anayeshuka kutoka mlimani akiwa navyo anamrahisishia mpimaji kazi ya kushusha kilovolti, kupunguza dawa na bado kumpa daktari jibu analolihitaji.